Ndege ya Elvis Iliyobaki Jangwani

Tarehe 8 Januari 2023, pale Kissimmee katika jimbo la Florida, dalali wa mnada aliuza ndege ambayo haikuwepo ukumbini. Ndege yenyewe ilikuwa mbali sana na hapo, upande wa magharibi wa Marekani, imeegeshwa kwenye kiwanja cha Roswell, jimbo la New Mexico, mahali ilipokaa karibu miaka 40. Haikuwa na injini hata moja. Chumba cha rubani kilikuwa kimepungukiwa vifaa. Haiwezi kuruka, haiwezi kujisogeza. Lakini nyundo ilipogonga meza, mtu mmoja alikuwa amekubali kulipa dola 260,000.

Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Elvis Presley alizaliwa 8 Januari 1935, kwa hiyo angekuwa anatimiza miaka 88. Ndege hiyo, Lockheed JetStar ya mwaka 1962, aliinunua tarehe 22 Desemba 1976 kwa dola 840,000. Miezi minane baadaye alikuwa marehemu.

Nimeifuatilia habari ya ndege hii kwa muda sasa, na kilichonivuta si umaarufu wa mwenyewe. Ni swali dogo tu: ndege za mtu mmoja, zilizonunuliwa miaka ileile, kwa pesa zilezile za nyimbo zilezile, kwa nini mbili ziliishia kwenye makumbusho zikipigwa picha kila siku, na ya tatu ikaishia kulala juani? Jibu nililolipata linahusu zaidi ya ndege. Linahusu namna kumbukumbu ya mtu inavyotunzwa, na nani hasa analipia.

Mtu aliyeogopa kuruka

Tuanze mbali kidogo. Aprili 1956, Elvis akiwa kijana wa miaka 21, jina lake ndiyo linaanza kuwaka, alikodiwa ndege ndogo kutoka Texas kwenda Nashville kurekodi. Safari ilikuwa ya mashaka, injini ikasumbua hewani, na waliokuwemo walishuka wakiwa wametetemeka kweli. Mama yake, Gladys, alipopata habari, hakutaka tena kusikia mwanawe anapanda ndege. Kwa miaka mingi baada ya hapo Elvis alisafiri zaidi kwa gari na treni.

Hata alipopelekwa jeshini Ujerumani, Septemba 1958, alikwenda kwa meli. Mama alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla. Aliporudi Machi 1960 alirudi kwa ndege ya jeshi, na ndege hiyo ilitua kidogo Prestwick, Scotland, kujaza mafuta. Saa chache za pale kiwanjani ndizo zinazohesabiwa kuwa mara yake ya pekee kukanyaga ardhi ya Uingereza. Naomba msomaji uliweke hilo akilini, tutalirudia.

Sasa ruka mpaka 1975. Elvis ana miaka 40, mwili umeanza kuchoka, ratiba ya maonyesho imejaa, mji leo huu kesho ule. Ule woga wa zamani umekwisha, na mahali pake pameingia shauku ya ndege iliyokaribia uwendawazimu. Kwanza alitaka Boeing 707 iliyokuwa ya Robert Vesco, yule mfanyabiashara wa fedha aliyekuwa mtoro wa sheria. Akatoa amana, lakini mambo ya kisheria ya Vesco yakaigubika ndege, biashara ikavunjika. Basi akageukia Convair 880 iliyokuwa imehudumu katika shirika la Delta. Ilikuwa imetengenezwa 1958, ndege ya abiria kamili kabisa, na yeye akaichukua kwa dola 250,000.

Hapo ndipo Elvis alipoonyesha ni mtu wa aina gani. Ukarabati wa ndani ulimgharimu zaidi ya bei ya ndege. Aliweka chumba cha kulala chenye kitanda kikubwa, chumba cha mikutano, televisheni, sinki zenye chembe za dhahabu, na mikanda ya viti yenye vifungo vilivyopakwa dhahabu. Hata kitanda kina mkanda wa usalama, maana sheria za anga hazijali kama wewe ni mfalme. Mkiani wakachora radi na herufi TCB, kaulimbiu yake ya kushughulikia kazi bila kuchelewa. Ndege ikapewa jina la binti yake wa pekee: Lisa Marie.

Mafundi walipokuwa bado wanaishughulikia, yeye uvumilivu ukamshinda. Septemba 1975 akanunua JetStar, ndogo zaidi, ikaitwa Hound Dog II, kwa karibu dola 900,000. Yaani ya akiba ilikuwa ghali kuliko ile kubwa. Mwaka uliofuata, Desemba, ikaja JetStar nyingine, hii tunayoizungumzia. Ndani ilikuwa na viti vya mahameli mekundu, zulia jekundu, mbao ukutani, vitasa vya rangi ya dhahabu, redio kaseti, deki ya video na maikrowevu. Ukiziangalia picha zake leo unajua mara moja umeingia miaka ya 70, na unajua pia kwamba mwenye nyumba hakuwa mtu wa rangi za kupoa.

Hii JetStar si ndege ya hivihivi. Lockheed waliirusha kwa mara ya kwanza 1957, ikiwa miongoni mwa ndege za jeti za kwanza kabisa zilizotengenezwa kwa ajili ya wakubwa wachache badala ya abiria wengi. Injini nne, zote zimebanwa nyuma, mbili kila upande. Aliyeongoza usanifu wake ni Kelly Johnson, yuleyule aliyesanifu ndege za ujasusi za U-2. Rais Lyndon Johnson alizitumia kwenda shambani kwake Texas, ambako njia ya kurukia ilikuwa fupi mno kwa ile kubwa ya urais. Ziliundwa mia mbili na ushee, basi. Kwa hiyo mwaka 1976 kuwa na JetStar mbili na Convair moja kwa wakati mmoja ilikuwa ni kama mtu wa leo kuwa na nyumba tatu ufukweni na zote anazilala.

Mabawa yasiyokwenda popote

Lakini ndege zile zilikwenda wapi?

Hapa ndipo habari inapoanza kunisikitisha. Elvis alikuwa na ndege ya kuvuka bahari, na nje ya Marekani aliimba maonyesho katika miji mitatu tu maishani mwake: Toronto, Ottawa na Vancouver, yote Kanada, yote 1957. Hakuimba London. Hakuimba Tokyo. Hakuimba Paris wala Rio. Waandaaji wa nchi hizo walikuja na ofa nono, na meneja wake, Kanali Tom Parker, alizikataa moja baada ya nyingine.

Baadaye ilikuja kujulikana kwamba Parker hakuwa Mmarekani kama alivyojinadi. Alizaliwa Breda, Uholanzi, jina lake Andreas van Kuijk, akaingia Marekani kijana bila karatasi na akaishi maisha yake yote bila pasipoti ya nchi hiyo. Wengi wanaamini hicho ndicho kilichomfunga Elvis: meneja aliogopa kutoka kwa kuwa huenda asingeruhusiwa kurudi, na hakutaka msanii wake atoke bila yeye. Januari 1973 Elvis aliimba Hawaii na onyesho likarushwa kwa setilaiti mpaka Asia na Australia. Yaani sauti na sura vilivuka bahari. Mwenyewe alibaki.

Kwa hiyo ndege zilifanya kazi ya basi la bendi. Zilimtoa Memphis zikampeleka kwenye onyesho la leo, zikampeleka na la kesho. Nyingine zilikuwa safari za matamanio. Tarehe 1 Februari 1976, usiku, alipanda ndege na marafiki kutoka Memphis mpaka Denver, mwendo wa saa mbili hivi, kwa ajili ya kula mkate. Ulikuwa mkate mzima uliochimbwa katikati, ukajazwa siagi ya karanga, jamu na nyama ya nguruwe ya kukaanga. Wakala, wakanywa, wakageuza. Watu huisimulia hadithi hii wakicheka, na kweli inachekesha. Lakini fikiria mtu mwenye ndege uani, dunia nzima inamngoja, na mahali anapoweza kwenda ni kula mkate Denver.

Na pesa? Tunadhani hazikuwa tatizo. Zilikuwa. Machi 1973 Parker alisimamia mkataba ulioiuzia kampuni ya RCA haki za malipo ya nyimbo zake zote za nyuma kwa dola milioni 5.4, na fedha hizo waligawana. Ina maana nyimbo zilizomjengea jina, tangu 1973, zilipopigwa hazikumwingizia tena. Ili kulipa mishahara, mafuta, marubani na dhahabu ya sinki, ilibidi apande jukwaani. Apande ndege ili apate pesa ya kulipia ndege. Ukishaona hivyo, yale mahameli mekundu yanaanza kufanana na kitu kingine.

Baba yake, Vernon, ndiye aliyeshika mahesabu, na alikuwa na hofu ya pesa ya mtu aliyewahi kuwa maskini. Mwaka 1976 akajaribu kupunguza gharama za mojawapo ya JetStar. Wakaja watu wenye suti na maneno matamu, wakamwambia wataichukua, wataiboresha, wataikodisha, na yeye atapata faida kila mwezi. Akatia saini. Hundi zao zikarudi benki bila kitu. Walikuwa matapeli wa kimataifa, na FBI walikuwa tayari wanawafuatilia katika operesheni yenyewe, Fountain Pen. Jalada la Elvis kama mlalamikaji limo katika kumbukumbu za FBI mpaka leo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vernon alikuwa na daftari, lakini wageni ndio waliokuwa wakiandika.

Baada ya Agosti 1977

Tarehe 16 Agosti 1977 Elvis alifariki nyumbani kwake Graceland, Memphis, akiwa na miaka 42. Siku hiyo alitakiwa kuruka kwenda Portland, Maine, kuanza ziara mpya. Badala yake Lisa Marie ilitumwa California kumleta Priscilla, mtalaka wake, kwenye mazishi. Ndege ya mtoto ikaenda kumchukua mama wa mtoto. Baada ya hapo Vernon akaanza kuuza.

Msimlaumu mzee. Ndege iliyosimama si kama gari lililowekwa juu ya matofali. Ndege inadai kila siku: maegesho, bima, ukaguzi, mafuta ya kuwasha injini ili zisigande, na fundi mwenye leseni wa kuithibitisha. Isiporuka, haipumziki, inaoza. Convair ikauzwa 1978. Hound Dog II nayo ikaenda zake. Na ile JetStar ya mwisho, kwa maelezo ya wanadalali waliokuja kuiuza baadaye, ikachukuliwa na kampuni ya Saudi Arabia. Vernon mwenyewe akafariki Juni 1979.

Hapa njia zikaachana.

Graceland wakati huo ilikuwa inaelekea kufilisika. Kuitunza nyumba kuligharimu zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka na mrithi, Lisa Marie, alikuwa mtoto mdogo. Priscilla akafanya uamuzi ulioiokoa familia: tarehe 7 Juni 1982 akafungua geti na kuwakatia watu tiketi. Wakamiminika. Nyumba ikageuka kuwa mahali pa kuhiji, na mahali pa kuhiji panahitaji vitu vya kuangalia. Ndipo watu wakakumbuka kwamba zipo ndege. Convair ikapatikana, Hound Dog II ikapatikana, na mwaka 1984 zikawekwa kando ya barabara kuielekea nyumba. Mpaka leo ukienda Memphis utapanda ngazi, utachungulia kile kitanda chenye mkanda, utaona sinki.

Ya tatu ilikuwa mbali, mikononi mwa watu wengine, haina jina la mtoto wala herufi za radi zilizozoeleka. Ikaishia Roswell.

Wengi wanaijua Roswell kwa ile hadithi ya 1947 ya viumbe kutoka angani. Wenye ndege wanaijua kwa sababu nyingine. Palikuwa na kituo kikubwa cha jeshi la anga, Walker, kilichofungwa 1967, kikaacha njia ndefu za kurukia na uwanja mpana usio na shughuli. Hewa ya pale ni kavu, chuma hakishiki kutu haraka, na ardhi ni ngumu kiasi cha kubeba uzito. Basi mashirika huleta ndege zao, nyingine zingoje soko, nyingine zingoje shoka. Ni makaburi, ila ya aina yake: maiti anaweza kukaa miaka 40 bila kuzikwa.

Ukame unatunza bodi, ila jua halina huruma na vingine. Mpira wa magurudumu unapasuka. Vioo vinapata ukungu. Rangi nyekundu ya nje inapauka na kubabuka. Injini ziliondolewa, vyombo vya rubani vikapungua. Ila ndani, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, mahameli yakabaki, zulia likabaki, deki ya video ikabaki mahali pake kama vile mwenyewe katoka kidogo na atarudi.

Na hata kama mtu angezirudisha injini, sheria ingemzuia. Injini za awali za JetStar zilikuwa na makelele mno, na mwisho wa 2015 Marekani ilipiga marufuku jeti ndogo za zamani zisizofikia kiwango cha utulivu. Tangu hapo mtu yeyote aliyeinunua ndege ile alijua hanunui usafiri.

Bei ya ndege, bei ya mlango

Ilipouzwa California Mei 2017, ilifika dola 430,000. Mwaka 2023, siku ya kuzaliwa kwa mwenyewe, dola 260,000. Miaka sita, na bei imeshuka kwa karibu asilimia 40. Kwa kitu cha Elvis! Ungetegemea kinyume chake.

Ili kuelewa, nilijikuta nikifikiria mnada mwingine wa mwaka uleule, na huu unatugusa sisi watu wa pwani moja kwa moja. Septemba 2023, Sotheby's London waliuza vitu vya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar ambaye sote tunamdai. Freddie alimpenda Elvis, na ule wimbo wa Queen wa 1979, Crazy Little Thing Called Love, aliutunga kama heshima kwake. Piano yake ikauzwa pauni milioni 1.7 na ushee. Hiyo inaeleweka, ni chombo cha kazi. Lakini kilichonishangaza ni mlango. Mlango wa kijani wa bustani ya nyumba yake London ukauzwa pauni 412,750. Kwa viwango vya siku hizo ni zaidi ya dola 500,000.

Mlango, mara mbili ya ndege.

Tofauti ni nini? Mlango ule ulikuwa umejaa maandishi ya mashabiki. Tangu Freddie alipofariki 1991, watu walitoka kila pembe ya dunia wakasimama pale barabarani, wakaandika majina, wakaandika mapenzi, wakalia kidogo, wakaondoka. Mlango ulitembelewa kwa miaka 30. Aliyeununua alinunua na wale watu wote. Ndege ya Elvis, kinyume chake, ilikaa nyuma ya uzio wa kiwanja, mahali ambapo shabiki haingii bila ruhusa. Hakuna aliyeandika jina. Hakuna mtoto aliyeinuliwa mabegani aone. Ilikuwa na jina kubwa na haikuwa na wageni.

Hivyo ndivyo ninavyoisoma historia hii. Tumezoea kusema umaarufu haufi, msanii haozi, nyimbo zitaishi. Ni maneno mazuri ya msibani. Ila vitu havitunzwi na sifa. Vinatunzwa na geti lenye mtu wa kukata tiketi, mtu wa kufagia, na fundi anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Ndege mbili zilinusurika kwa kuwa ziliegeshwa mahali watu wanapopita, wala si kwa sababu Elvis alizipenda kuliko ya tatu.

Na hata hizo mbili hazikuwa salama kama tunavyodhani. Ardhi zilipoegeshwa ni ya Graceland, lakini ndege zenyewe zilikuwa mali ya watu wengine waliogawana mapato. Mwaka 2014 wakaambiwa wazihamishe. Januari 2015 zikatangazwa kuuzwa kwa mnada. Fikiria: Lisa Marie, ndege yenye jina la binti, inatafutiwa mnunuzi kama trekta. Mashabiki wakapiga kelele, na Aprili mwaka huo Lisa Marie Presley mwenyewe akatangaza kwamba ndege zinabaki. Miaka 30 zimekaa pale na kumbe zilikuwa wapangaji.

Binti huyo alifariki 12 Januari 2023, siku nne tu baada ya mnada wa Kissimmee. Wiki moja ikachukua mrithi, na ikamaliza miaka ya jangwani ya ndege ya mwisho ya baba yake.

Nyumba ya magurudumu

Mnunuzi alikuwa mtu wa Florida anayetengeneza video za mtandaoni. Alipoifikia Roswell hakupoteza muda na ndoto za kuirusha. Aliikata. Mabawa yakatoka, mkia ukatoka, bodi ikapakiwa kwenye lori ikavuka Marekani mpaka kwake. Mpango wake: kuibandika bodi juu ya chasi ya gari-nyumba, ile aina ya gari Wamarekani wanalosafiri nalo wakiwa na kitanda na jiko ndani, ili aiendeshe barabarani, mahameli mekundu yakiwa mahali pake.

Nilipoona picha za misumeno ikipita kwenye ubavu wa ndege, nilishtuka kama walivyoshtuka wengi. Unamkata Elvis? Wapenzi wa ndege za kale walikasirika na wana haki, maana JetStar zilizobaki si nyingi, na ndege ikishakatwa haiungwi tena ikawa ndege. Historia ya usafiri wa anga imepoteza kitu hapo, tusidanganyane.

Lakini nimeendelea kuifikiria, na hasira imepungua. Tuwe wakweli, uchaguzi haukuwa kati ya gari-nyumba na makumbusho. Makumbusho yalikuwa na miaka 40 ya kuja kuichukua na hayakuja. Uchaguzi ulikuwa kati ya gari-nyumba na chuma chakavu. Sisi huku tunaoishi na kontena zilizogeuzwa maduka, na mabasi mabovu yaliyogeuzwa migahawa, tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengi: kitu kinachopewa kazi ya pili kinapata na mtu wa kukiangalia.

Sasa ile Prestwick niliyokuomba uikumbuke. Mtu yule alikuwa na mabawa kuliko msanii yeyote wa wakati wake, na dunia iliyomngoja ilimwona kwa saa chache kiwanjani, akiwa na sare ya jeshi, ndege ikijazwa mafuta. Waliompenda kutoka Tokyo mpaka London hawakuwahi kupata zaidi ya sauti na picha. Ndege zake zilimzungusha ndani ya uzio wa nchi moja. Kisha ndege ya mwisho nayo ikazungushiwa uzio wake, jangwani, kwa muda mrefu kuliko umri wote alioishi mwenyewe baada ya kuvuka utoto.

Ilipokuwa na mabawa haikuwafikia watu. Leo haina mabawa wala injini zake nne, ina magurudumu ya gari, na inaweza kuegeshwa kwenye mtaa wowote wa Marekani, mlango ukafunguliwa, mtoto akapanda ngazi akauliza hiki kiti chekundu kilikuwa cha nani. Mimi ningependa aweze kuuliza akiwa ndani ya ndege nzima. Lakini kati ya ndege nzima isiyoulizwa na mtu na kipande kinachoulizwa kila siku, nachagua kipande.